Tanuri la Katuba: safari ya kazi kutoka Buguruni hadi Lubumbashi

Kazi niliyotumwa ilikuwa fupi: kufunga tanuri la mikate la kuni, kuliwasha, kumfundisha mwenye mali namna ya kulitunza, kupokea salio na kurudi. Mwenye mali alifariki nikiwa njiani. Hata hivyo tanuri lilijengwa, tena lilijengwa msibani, katikati ya turubai la waombolezaji na choo cha uani, na mpaka leo linaoka. Nimeyaandika haya baada ya kurudi, kwa kufuata daftari la kazi na picha za kwenye simu. Mafundi wengi wa Dar siku hizi wanapelekwa Kongo kufunga mashine, na yapo mambo ambayo ni bora wayajue kabla mzigo haujapakiwa.

Kabla ya kuondoka

Mteja wetu alikuwa mwoka mikate wa Katuba, mjini Lubumbashi. Mwaka jana alikuja Kariakoo kununua bidhaa kama wafanyavyo Wakongo wengi, akapita karakana kwetu Buguruni, akaliona tanuri tulilokuwa tunamjengea mtu wa Morogoro, akalipenda. Alilipa theluthi mbili. Mkataba ulisema tanuri ni mali ya karakana mpaka salio limalizike. Sentensi hiyo huwa tunaiandika kwa mazoea tu. Safari hii sentensi hiyo ndiyo iliyoniokoa mpakani.

Mzigo ulitangulia kwa lori la kuchangia: matofali ya moto 400, milango ya chuma, trei, saruji inayohimili moto, na bomba la moshi. Bomba ni la bati jembamba na likibonyea halifai tena, kwa hiyo lilitengenezewa sanduku lake. Seremala jirani yetu kazi yake ni majeneza. Alitumia mbao alizokuwa nazo, akazipiga vanishi, akafunga vishikio sita vya shaba ili wapakiaji wapate pa kushika. Sanduku lilitoka zuri na imara, urefu wake mita mbili na robo.

Jumamosi: Dar – Tunduma

Basi liliondoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri, nauli sh. 60,000. Mpaka Morogoro sina la kusimulia. Mikumi barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 na madereva wanatembea kwa adabu, maana ukigonga mnyama unalipa faini kulingana na mnyama mwenyewe. Tuliona twiga na nyumbu. Ruaha Mbuyuni abiria walishuka kununua vitunguu kwa ndoo, hata wale waliokuwa wanavuka mpaka. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Ndola aliniambia vitunguu vya hapo ndivyo vinavyomlipia nauli ya kwenda na kurudi.

Kitonga tulikwama saa moja na nusu. Lori la shehena lilikuwa limekatika shafti kwenye kona, magari yakawa yanapishana kwa zamu. Mama wa vitunguu alifungua kanga yake, akatoa chapati na maharage, akatugawia safu nzima ya viti. Makambako tulifika jua limezama. Atakayesafiri Julai asidharau baridi ya huko. Sweta liwe mkononi, si kwenye buti la basi.

Tunduma saa tano usiku. Gesti sh. 20,000, maji ya moto kwa ndoo.

Jumapili: Nakonde – Mpika

Kituo cha Tunduma na Nakonde ni cha pamoja, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kongo wanaitaka kwa lazima, na ni afadhali kuwa na ya kweli uliyochanjwa mapema kuliko kuhangaika mpakani. Badilisha shilingi kuwa kwacha kidogo tu ya njiani. Dola zako zitunze ziwe zimenyooka: noti iliyochanika hata ukucha mmoja pembeni, Lubumbashi hakuna atakayeipokea. Na urudishe saa nyuma kwa saa moja, Zambia na Katanga, yaani upande wa Lubumbashi, wanatumia saa ile ile.

Basi la kwenda Kitwe lilinichukua kwacha 500. Barabara ina mashimo vipande vipande mpaka Chinsali, mji aliozaliwa jirani yake Mzee Kaunda mwaka 1924. Kule mabasi ya abiria hayatembei usiku, kwa hiyo ilipofika saa tatu tuliegesha Mpika tukalala vitini. Mama wa vitunguu alinirushia kitenge cha pili bila kuniuliza. Asubuhi tulikunywa chai na vitumbua, na huko wanaviita hivyo hivyo.

Usiku ule simu yangu haikuwa na mtandao. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mteja wetu alikuwa ameshafariki tangu alfajiri.

Jumatatu

Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Kitwe, Chingola. Siku nzima kitini, na jioni ugali na kapenta, dagaa wa huko. Ukilala Chingola unaamkia karibu na mpaka na vyumba ni nafuu.

Jumanne: Kasumbalesa

Foleni ya malori ilianza mbali kabla ya geti, na namba nyingi ni za Tanzania. Madereva wanakaa pale siku kadhaa, wanafua, wananyoana nywele, wanapika chini ya tela. Dereva mmoja wa Tanga alinisikia naulizia lori langu, akanikalisha kwenye ndoo, akanipa ugali na dagaa. Tandiboi wake alikwenda kulitafuta gari hilo foleni nzima, akarudi kuniambia kwamba limeshavuka na mzigo umeshushwa kwenye ghala upande wa pili. Walikataa hela. Dereva aliniomba kitu kimoja: nikirudi Dar nimpigie mkewe, nimwambie nimemwona kwa macho na ni mzima.

Wakala wetu wa forodha alinipokea upande wa Kongo. Nilipomuuliza mteja atafika saa ngapi, alinishika bega. Mzee alikuwa ameamka usiku kuwahi kukanda unga, akaanguka, hakufika hospitali akiwa hai. Mazishi ni Jumamosi, wanasubiriwa ndugu wa Likasi na Kolwezi.

Tukaenda kwa karani. Karani alifungua jalada, akasoma, akasema mpokeaji aje mwenyewe kuweka sahihi.

“Mwenyewe alikufa,” wakala akamwambia.

“Pole sana. Lakini nani atasinye?”

Alisema kwa upole kabisa. Karatasi ilikuwa na nafasi ya sahihi moja na jina moja, na mwenye jina alikuwa kwenye jokofu la hospitali. Njia ya kawaida ni warithi kuleta hati ya mahakama, na huko ni wiki, ghala likihesabu ushuru kila siku. Wakala alinivuta pembeni, akaniambia mdogo wa marehemu ameshapiga simu mara mbili akitaka mzigo ubadilishwe uandikwe jina lake.

Hapo nikaukumbuka mkataba. Nilimpigia bosi wangu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama nataka kurudi. Nikamwambia matofali yameshavuka nchi tatu na mtu ameshalipa theluthi mbili, nataka kujenga. Akaandika barua ya kubadili mpokeaji: kwa kuwa salio halijalipwa mzigo ni wa karakana, na mwakilishi wa karakana ni mimi. Ilitumwa kwa simu, ikachapwa kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na geti, ikapelekwa.

Kwa atakayepeleka mashine: andika wapokeaji wawili kwenye hati, tangu mwanzo. Na nakala ya mkataba iwe kwenye simu na kwenye karatasi.

Jumatano: Kasumbalesa – Katuba

Ukaguzi ulifanyika mchana. Waligusa matofali, wakahesabu trei, wakasimama mbele ya sanduku. Afisa aliligonga kwa kifundo cha kidole, akaniuliza, “Ndani kuna nani?” Hakuuliza kuna nini. Nilifungua skrubu moja moja, akainama akachungulia ndani ya bomba mpaka upande wa pili, akatikisa kichwa, akagonga muhuri.

Nilikodi kigari cha tani tatu kwa dola 150. Matofali yalikaa chini, chuma juu yake, na sanduku juu ya vyote kwa sababu ni jepesi. Mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 90, lakini kwa malipo ya barabara na vizuizi tuliingia Katuba yapata saa tatu usiku. Dereva alijua tunakwenda nyumba ya kilio. Kona ya mwisho alizima redio, akawasha taa za tahadhari, akatembea polepole.

Mbele ya nyumba palikuwa na turubai, moto wa magogo, na watu wapata mia. Wa kwanza kuliona sanduku alikuwa mama mmoja mzee aliyeketi karibu na barabara. Alipiga ukelele, na ukelele ukaenda mpaka ndani. Wanawake wakatoka wakilia, wakajitupa chini mbele ya gari. Wanaume sita wakapanda, wakashika vile vishikio sita, wakaliteremsha. Mimi niliruka nikawa nasema ni bomba, ni bomba, lakini katika kilio cha watu mia hausikiki. Waliliingiza sebuleni, wakaliweka chini mbele ya mjane aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, na pasta akafungua kitabu.

Mzee wa ukoo ndiye aliyeniona. Akaniuliza mwili umetoka hospitali saa ngapi na kwa ruhusa ya nani. Nikamweleza: mimi ni fundi kutoka Dar, hili ni sanduku la bomba la moshi, mzee wenu bado yuko hospitalini. Akainua mkono. Kimya kilichofuata sitakisahau. Mjane aliweka kiganja juu ya mbao, akanitazama.

“Ni bomba?”

“Ni bomba, mama. Nisamehe.”

“Acha likae humu ndani mpaka asubuhi,” akasema, “bataliiba.”

Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake nililetewa kiti karibu na moto, na sahani ya bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki. Mzee wa ukoo akaniuliza kabila. Nikasema mimi ni Msumbwa wa Bukombe. Akasimama. Wao ni Bayeke, ukoo wao ni wa Bunkeya. Msiri, mfalme wao aliyeisimika dola ya Garenganze katika karne ya 19 na kupigwa risasi mwaka 1891 na mtu wa msafara wa Wabelgiji, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyefuata shaba ya Katanga. Shuleni nilisoma habari zake kwa mistari michache. Pale nililetwa mbele ya wazee mmoja mmoja, na kila mmoja alinishika mkono akisema, “Weye uko muntu wa kwetu.” Jina langu likaandikwa kwenye daftari la msiba upande wa ndugu, si upande wa wageni, na mchango wa ndugu ni mkubwa zaidi. Nililipa kwa moyo mweupe.

Usiku wa manane binti wa marehemu alinifuata pale motoni na ujumbe. “Mama anasema: anza kujenga kesho asubuhi, mbele ya bandugu bafike,” yaani kabla ndugu hawajafika. Niliona huzuni imemzidi. Nikajibu tungoje mazishi. Binti akarudi baada ya muda: “Mama anasema asubuhi.”

Alhamisi: wajukuu

Asubuhi nilikwenda sebuleni kuchukua bomba. Bomba lilikuwa limeegemezwa ukutani, na ndani ya sanduku alilala kijana amevaa koti la marehemu, kofia yake na miwani yake, mikono kifuani. Wanawake waliozunguka walikuwa wanacheka huku machozi yanawatoka.

“Mulipe kwanza,” alisema bila kufumbua macho, “njo ntalamuka,” yaani ndipo nitaamka.

Hawa ni wajukuu, wenyewe wanawaita bizukulu. Katika kilio wana ruhusa ya kumwigiza marehemu, kudai pesa, kuficha viatu vya wageni, kusema yale ambayo wengine hawathubutu, na anayewakasirikia hutozwa faini. Nyumbani kwetu watani hufanya yale yale kwenye msiba, kwa hiyo nilijua la kufanya: nilitoa dola kumi. Akafumbua jicho moja, akazikagua kama zimechanika, akainuka. Kuanzia hapo mpaka siku ya mazishi alitembea kwa jina la babu yake. Alikohoa kama yeye kabla ya kusema, akahesabu kwa Kifaransa kwenye vidole kama yeye, na mjane alimwandalia chakula kwenye sahani ya mumewe.

Mkifika kwenye kilio cha huko, wekeni noti ndogo ndogo mfukoni kwa ajili yao. Na mzilipe kwa furaha, maana watu wanawahitaji sana hawa vijana. Nilimwona mama aliyekuwa hajala tangu Jumapili akila baada ya kuchekeshwa.

Nikaanza msingi. Vijana wa jirani walisomba mchanga bila kuitwa. Jioni sakafu ya tanuri ilikuwa tayari, matofali yamelazwa, nimeyapima kwa pimamaji kila safu.

Ijumaa: mdogo wa marehemu

Alifika kutoka Likasi saa nne na kigari na vijana wawili wa kubeba. Alikuwa mtu wa heshima, amevaa suti nyeusi, alinisalimu kwa mikono miwili. Alisema kwake kuna eneo kubwa, tanuri lingekaa vizuri zaidi kule. Alisema pia kupiga nyundo nyumbani kwa marehemu kabla hajazikwa ni dharau. Hilo la pili liliwagusa wazee, wakatikisa vichwa. Nilikuwa nimefika safu ya tatu ya ukuta. Nikaweka mwiko chini.

Wakati huo ndipo nilipomwelewa mjane. Ndani alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimefunikwa, kwa desturi hawezi kutoka uani kubishana na shemeji yake. Tangu nifike, watu walikuwa wanapita sebuleni wakikagua friji, televisheni, vyerehani. Vitu hivyo vina miguu. Tanuri likishaungwa kwa saruji halibebeki tena. Alilijua hilo tangu usiku ule alipoweka kiganja juu ya sanduku.

Mlangoni alitokea mjukuu na koti lake. Alikohoa. Akatembea polepole mpaka pale, akauzunguka ukuta, akapitisha kidole kwenye kiungo cha matofali mawili na kukilamba kama alivyokuwa akionja unga babu yake. Akaokota mwiko, akauweka mkononi mwangu.

“Fundi, nilikulipa. Jenga.”

“Papa,” mdogo wa marehemu akamwambia, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, “kesho tunakuzika.”

“Njo maana niko na haraka.”

Watu walicheka mpaka turubai likatikisika. Mdogo wa marehemu alifungua mdomo, akamwona mzee wa ukoo anamtazama, akaufunga. Kumjibu mjukuu kwa hasira kungemgharimu mbuzi. Mimi nikapaka saruji. Mpaka saa sita usiku tulikuwa tumefunga tao la juu kwa taa ya betri, vijana wawili wakinishikia fomu ya mbao, na tukasimamisha bomba.

Jumamosi: mazishi

Jeneza lenyewe lilipofika kutoka hospitali, baadhi ya wanawake walimtazama kwanza mzee wa ukoo. Aliinamisha kichwa, ndipo wakalia. Nilipewa nafasi ya kubeba, kona ya nyuma kushoto, kama ndugu aliyetoka mashariki. Sikuwahi kumwona mteja wetu zaidi ya mara ile karakana, alipokuwa amechuchumaa mbele ya tanuri la Morogoro akiuliza maswali ya mtu anayejua kazi yake. Nilimlilia kweli.

Kabla ya kuondoka kwenda makaburini niliwasha moto wa kwanza, wa vijiti tu. Tanuri jipya lina maji ndani ya viungo, na ukiliwashia moto mkali maji yanageuka mvuke na kupasua matofali. Siku ya kwanza joto lisipite nyuzi 100, mlango wazi. Siku ya pili unapandisha kidogo. Siku ya tatu ndipo unakaribia joto la kuokea, nyuzi 220 na kuendelea. Ndugu wengi waliomba mkate siku hiyo hiyo ya maziko. Nilikataa mara zote, na mjane alituma neno kwamba fundi asisumbuliwe.

Moto huo lazima ulindwe usiku. Julai Lubumbashi ni baridi kali, na ilipofika saa nane wazee walikuwa wameuacha moto wa magogo na kuhamishia viti vyao mbele ya tanuri. Walikaa hapo mpaka asubuhi wakisimulia habari za Bunkeya.

Jumapili na Jumatatu

Jumapili nilichochea moto, nikalala. Jumatatu kilikaa kikao cha ukoo. Mdogo wa marehemu alizungumza kwa ufasaha. Gari dogo la marehemu alipewa. Friji ilitolewa, televisheni ikatolewa, na vyerehani viwili vilivyokuwa vya mjane mwenyewe, alivyovinunua kwa jasho lake, vikapakiwa pia kabla hajaruhusiwa kusema. Niliona uchungu mkubwa na sikuwa na la kufanya, mimi ni ndugu wa kwenye daftari. Kwetu Bukombe nimeyaona haya haya.

Lilipofika suala la tanuri mzee wa ukoo aliniita, akaniuliza kama linahamishika. Nikasema: unaweza kulivunja ukabeba matofali na milango, lakini tanuri utaliacha hapa hapa. Kisha nikaeleza la pili, kwamba bado ni mali ya karakana, na atakayelipa salio ndiye mwenye nalo. Mdogo wa marehemu aliuliza ni kiasi gani. Nikataja. Akasema atafikiria.

Mjane alifungua fundo la kitenge. Zilikuwa pesa za mikate, faranga zilizokunjwakunjwa na dola zilizonyooka, nusu kamili ya salio. Alizihesabu mara mbili mbele ya wote. Niliandika mkataba mpya hapo hapo kwa Kiswahili, mwalimu mmoja wa jirani akaandika nakala ya Kifaransa, mzee wa ukoo akaweka sahihi kama shahidi. Jina la mjane liko juu na la binti yake mkubwa liko chini yake.

Jumanne: mkate

Joto lilifika nyuzi 230 saa kumi na moja alfajiri. Mjane alikanda mwenyewe. Mkate wa kwanza ulitoka baada ya dakika 25; aliugeuza, akaugonga kwa kidole kwa chini, akausikiliza, akaurudisha ndani kwa dakika tatu. Wa pili aliupokea bila kusema kitu. Mitatu ya kwanza ilipelekwa kwa mzee wa ukoo, uliofuata kwa mdogo wa marehemu, aliyekuwa bado hajaondoka. Aliula amesimama kando ya kigari kilichojaa vyombo.

Mjukuu alikuwa amelirudisha koti. Nilipomwita kwa jina la babu yake kwa mazoea, alinikataza taratibu. Alikula mikate miwili, kisha akauliza kama karakana yetu inachukua vijana wa kujifunza. Nimempelekea bosi ombi lake. Sanduku sasa linahifadhi magunia ya unga, panya hawaingii.

Kurudi

Nilirudi kwa njia ile ile. Nimempigia mke wa dereva wa Tanga. Alikuwa na habari za mumewe mpya kuliko zangu. Kwa gharama zote, mbali na usafiri wa mzigo, tengeni si chini ya dola 400 za fundi mmoja, na mziongeze kwa sababu ghala la mpakani halisubiri mtu amalize kulia. Sanduku refu msilipige vanishi. Liandikwe kila upande kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kifaransa, lililo ndani.

Nusu ya pili ya salio imeingia Ijumaa, kabla ya tarehe tuliyopatana. Mjane ameagiza trei nyingine 20, zimepakiwa juzi kwenye lori la kuchangia, na sehemu ya mpokeaji nimejaza mwenyewe majina mawili.